Mtambo Mmoja, Mitikisiko Miwili: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mwongozo huu nimewaandikia watu wawili ambao hapa Lubumbashi mara nyingi hawakai meza moja: mwanafunzi wa polytechnique anayekokotoa mitikisiko kwenye kompyuta, na fundi wa mtaa wa Kampemba au wa mgodini anayeujua mtambo kwa sikio na kwa kiganja. Wote hufikwa na tatizo lilelile. Mtambo ni uleule, kasi ni ileile, mzigo ni uleule, lakini majibu ni mawili. Mwanafunzi hudhani programu yake ina kosa. Fundi hubadilisha beringi. Huenda wako sawa, na ndiyo maana inabidi kupima. Ila springi, mpira, mkanda, pengo la boliti na msuguano havifuati mstari mnyoofu: ukivivuta mara mbili, havikurudishii nguvu mara mbili. Mfumo wa namna hiyo unaweza kuwa na mienendo kadhaa inayokubaliwa na mlingano mmoja kwa wakati mmoja, na mtambo ukakaa kwenye mmojawapo kwa sababu tu ya njia ulikopitia.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuuliza, "Suluhisho hili ni thabiti?" na kuishia hapo. Maswali ni matatu. Lipo? Likisukumwa kidogo, linarudi? Likisukumwa kwa nguvu halisi ya kazini, jiwe likianguka au umeme ukiyumba, bado linarudi? Hilo la tatu ndilo linalovunja mitambo, na ndilo linalosahaulika.

Kwa hesabu nitatumia mlingano wa Duffing, uliobeba jina la injinia Mjerumani Georg Duffing aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1918:

x″ + 0.1x′ + x + x³ = 0.2 cos Ωt

Hapa x ni umbali wa mtambo kutoka katikati, na Ω ni kasi ya nguvu inayoutikisa. Ukiukokotoa kwa harmoniki moja tu, yaani kwa kudhani mwendo ni wimbi moja la cos, utakuta kwamba Ω ikiwa kati ya 1.25 na 1.52 hivi, masuluhisho ni matatu. Pale Ω = 1.3, upeo wa mtikisiko, yaani umbali kutoka katikati hadi mwisho wa mwendo, ni 0.32, 0.80 au 1.05. La chini na la juu ni thabiti. La katikati si thabiti na hutaliona kwenye mtambo, lakini liweke akilini, kwa sababu ndilo linalopitiwa na mpaka kati ya hayo mawili mengine.

Dalili: kasi ileile, asubuhi umetulia, mchana unarukaruka

Opereta atakuambia: "Shefu, asubui haikukuwa vile." Msikilize, kisha kabla ya kufungua boliti yoyote muulize: kasi hii mliifikia kwa kupanda au kwa kushuka? Mliwasha ukiwa mtupu au umebeba?

Sababu za kwanza za kuondoa njiani ni zile ambazo hazihusiani na masuluhisho mawili hata kidogo. Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi ina baridi kali, na mpira wa chini ya fremu uliolala nje usiku kucha huwa mgumu kuliko mpira huohuo saa nane mchana. Mpira ukibadilika, resonansi, yaani kasi ambayo mtambo hutikisika zaidi, nayo inahama. Masika udongo wenye maji hushikamana na wavu wa chekeche na kuongeza uzito. Mkanda hulegea, boliti hujifungua. Hapo suluhisho ni moja, lililosogezwa. Rudisha joto na mzigo kama vilivyokuwa asubuhi. Mtikisiko wa asubuhi ukirudi wenyewe, tafuta mpira na boliti, hesabu ngumu iache.

Kama haukurudi, fanya jaribio la kupanda na kushuka. Pandisha kasi kwa hatua ndogondogo, kila hatua subiri mtikisiko utulie, andika upeo. Ukifika juu, shuka kwa hatua zilezile. Mistari miwili ikiachana katikati na kukutana tena kwenye ncha, hiyo ni histeresisi, na katika eneo la katikati masuluhisho mawili yanaishi pamoja. Kwa Duffing yetu, anayepanda hubaki juu hadi karibu na 1.52, kisha huanguka ghafla. Anayeshuka hubaki chini hadi karibu na 1.25, kisha huruka juu. Kama springi ni ya kulainika badala ya kukazika, kilele huinamia kushoto na miruko hugeuka upande.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Katika mfano wetu, pale 1.3, msukumo mdogo unaorudi kwa kuzunguka suluhisho thabiti hupungua hadi 0.785 ya ukubwa wake kila kipindi (mzunguko mmoja wa nguvu inayotikisa), kwa hiyo baada ya vipindi 20 hivi umeshuka chini ya asilimia 1. Karibu na sehemu ya kuruka, muda huo hurefuka sana. Ukienda haraka utapata kitanzi cha uongo kilichotokana na uvivu wa mfumo tu. Rudia jaribio kwa nusu ya mwendo: kitanzi kikipungua, ulikuwa unapima haraka yako mwenyewe, kikibaki palepale, ni cha kweli.

Ushahidi mzito kuliko wote ni huu: bila kugusa kasi wala mzigo, ugonge mtambo mara moja kwa nyundo ya mpira, ukiwa upande salama na kinga zote zikiwa mahali pake. Ukihama kutoka mtikisiko mdogo kwenda mkubwa ukabaki huko, na ukaweza kuurudisha kwa kushuka na kupanda tena, mjadala umekwisha.

Dalili: mota inakula umeme zaidi lakini kasi haipandi

Hii utaikuta hata kwenye mashine ya kusaga mahindi ya bukari (ugali) kule mtaa wa Katuba, iliyofungwa juu ya meza ya chuma isiyo na uzito wa kutosha. Unaongeza nguvu, mzunguko unakwama palepale, sakafu ndiyo inayotetemeka. Ukiongeza zaidi, ghafla kasi inaruka mbele na kelele inakufa. Arnold Sommerfeld alilionyesha jambo hili mwaka 1902, kwa mota iliyofungwa juu ya meza inayonesa: karibu na resonansi, nguvu unayoongeza huenda kutikisa msingi badala ya kuzungusha shafti.

Kosa la hesabu hapa ni kuandika Ω kama namba uliyopewa. Mota yenye nguvu ndogo haikupi kasi, inakupa nguvu ya kuzungusha inayotegemea kasi, na kasi yenyewe ni kitu cha kutafutwa kwenye mlingano. Uthabiti uliokokotoa kwa kasi iliyoshikiliwa haufai kwa mota ya namna hiyo. Pima ampea na mizunguko kwa dakika kwa pamoja. Ampea zikipanda huku mizunguko imesimama, ongeza mlingano wa mota kwenye modeli yako. Kama mtambo una variateri (kifaa cha kudhibiti kasi ya mota) nzuri inayoshikilia kasi, basi kuitendea kasi kama namba ya kupewa ni sawa kwa kiasi kikubwa.

Dawa ni kupita resonansi haraka ukiwa na akiba ya nguvu, kuongeza ufifishaji (kinachomeza nishati ya mtikisiko), au kuhamisha resonansi kwa kukaza msingi. Kupita polepole "ili mota isichoke" ndiko kunakoikwamisha.

Dalili: chekeche lenye mota mbili linasukuma mawe upande

Mota mbili za uzito usiolingana, zinazogeuka kinyume, bila gia inayoziunganisha. Zinapokwenda sambamba, nguvu za pembeni zinafutana na mawe yanatembea mbele. Usambamba huo unatokana na fremu yenyewe: kila mota inaitikisa fremu, na fremu inaivuta mota nyingine. Christiaan Huygens aliliona jambo la ukoo huu mwaka 1665 kwa saa mbili za pendulamu zilizoning'inizwa kwenye ubao mmoja, na katika karne ya 20 Iliya Blekhman, mwanasayansi wa Kisovieti, alijenga nadharia yake kwa mitambo ya mtikisiko.

Kinachokusumbua ni kwamba makubaliano ya mota hizo yanaweza kuwa zaidi ya moja: sambamba au kwa kupingana. Lipi ni thabiti inategemea uzito wa fremu, mahali mota zilipofungwa na kasi ukilinganisha na resonansi za fremu. Chora alama nyeupe kwenye uzito wa kila mota na uzitazame kwa taa ya stroboskopu. Alama zikisimama mahali pasipotakiwa kila unapowasha, makubaliano unayoyataka si thabiti kwa fremu hiyo. Usipoteze siku ukibadilisha beringi. Zikisimama vizuri mara nyingine na vibaya mara nyingine, yote mawili yapo, na namna ya kuwasha ndiyo inayochagua: ziwashwe kwa pamoja, au moja kwanza?

Pima pia umeme wa kila mota peke yake. Mota iliyokatikiwa waya inaweza kuendelea kuzunguka kwa kubebwa na mtikisiko wa fremu, na kwa macho huoni tofauti. Chekeche linafanya kazi, jirani yake anabeba mzigo wa wawili, na siku likizimwa na kuwashwa tena ndipo tatizo linaonekana.

Dalili: kompyuta inatoa suluhisho moja tu, kila mara

Hapa sababu karibu zote ziko kwa mkokotoaji. Ya kwanza: kila uigaji unaanza kwenye sifuri, x = 0 na x′ = 0. Hapo unauliza swali moja mara mia. Anza na hali nyingi tofauti, na kumbuka kwamba fezi ya nguvu inayotikisa nayo ni sehemu ya hali ya mwanzo: kuanza kwa utulivu nguvu ikiwa kileleni si sawa na kuanza nguvu ikiwa sifuri.

Ya pili: unafuata tawi, yaani mfululizo wa masuluhisho jirani Ω inapobadilika, kwa kuongeza Ω hadi programu inagoma. Inagoma kwa sababu tawi limegeuka kurudi nyuma, na kwa Ω inayofuata hakuna jirani. Fuata tawi kwa urefu wake badala ya kufuata Ω, njia ambayo Herbert Keller aliieleza mwaka 1977 na ambayo programu za kufuatilia matawi huitumia. Itapita kwenye kona, itakupa hata sehemu isiyo thabiti.

Ya tatu ni mbaya zaidi: tawi lililojitenga, kisiwa kisichoungana na tawi kuu. Hata ukifuata tawi kuu kwa uaminifu wa mwisho, hutalifikia. Dawa ni bahati nasibu: chagua hali za mwanzo kwa nasibu ndani ya eneo lenye maana kwa mtambo wako, uone kila moja inaishia wapi. Kama suluhisho fulani linavuta sehemu ya asilimia 1 tu ya eneo hilo, majaribio 100 yatalikosa kwa uwezekano wa 0.37. Majaribio 400 yanaushusha hadi chini ya 0.02.

Ushauri wa mji wetu: hifadhi hali ya mwisho ya kila uigaji kwenye faili. Umeme ukikatika usiku, utaendelea ulipoishia, na hali ya mwisho ya tawi moja ndiyo mwanzo bora wa hatua inayofuata.

Dalili: uigaji unasema thabiti, vizidishi vinasema si thabiti, au kinyume chake

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa bila sababu.

Kwa suluhisho linalojirudia kila kipindi T, Gaston Floquet alitupa njia mwaka 1883. Unalisukuma suluhisho kidogo, unaangalia msukumo umekuwa mkubwa kiasi gani baada ya kipindi kimoja, na matriksi ya badiliko hilo inakupa vizidishi. Vyote vikiwa ndani ya duara la nusu kipenyo 1, msukumo mdogo unakufa. Kimoja kikitoka nje, suluhisho haliwezi kukaa.

Anza na ukaguzi ambao hauna gharama. Kwa Duffing yetu, zao la vizidishi viwili lazima liwe e kwa kipeo cha −0.1T, haijalishi unatazama suluhisho gani kati ya yale matatu. Pale Ω = 1.3, T ni 4.833, kwa hiyo zao ni 0.617. Ukipata 0.617 kwa suluhisho la chini na 0.71 kwa la juu, usijadili fizikia yoyote. Matriksi yako ina kosa. Chanzo cha kawaida ni hatua ya muda iliyo kubwa mno, au njia ya kukokotoa inayoongeza au kuiba nishati. Kati ya njia rahisi za kukokotoa hatua kwa hatua, Euler ya mbele huongeza, Euler ya nyuma huiba. Anayetumia Euler ya nyuma kwa hatua kubwa ataona mfumo mtulivu ambao duniani haupo.

Ukaguzi huohuo unakupa zawadi nyingine. Kwa kuwa zao ni dogo kuliko 1, vizidishi viwili vya namba changamano vina ukubwa wa 0.785 kila kimoja na haviwezi kutoka nje ya duara vikiwa pamoja. Katika Duffing yenye ufifishaji, kutoka ni kupitia +1 au −1 peke yake. Programu ikikuambia kwamba jozi changamano imetoka nje kwenye mlingano huu, kosa ni la programu. Mifumo yenye kiwango cha uhuru zaidi ya kimoja, yaani sehemu kadhaa zinazosogea kila moja kivyake, haina kinga hiyo.

Kama zao liko sawa na bado majibu yanagongana, angalia muda. Kizidishi cha 1.01 si thabiti, lakini kosa la ukubwa wa 0.000001 linahitaji vipindi karibu 1,400 kukua hadi 1. Uigaji wa vipindi 200 utakuambia "kimetulia" kwa uso mkavu. Upande wa pili, kizidishi cha 0.99 ni thabiti, lakini msukumo unahitaji vipindi karibu 460 kushuka hadi asilimia 1, na mtu mwenye haraka atadhani bado unahangaika. Hapo amini vizidishi, na urefushe uigaji hadi ukubaliane navyo.

Kama ulitumia njia ya harmoniki, ukatafuta uthabiti kwa determinanti ya Hill, utapata thamani-aigeni (namba zinazoonyesha kama msukumo unakua au unakufa) nyingi kuliko idadi ya kweli. Zile za ziada zinatokana na kukata harmoniki. Zinazoaminika ni zile ambazo sehemu yake ya kufikirika iko karibu na sifuri, ndani ya nusu ya Ω. Ongeza harmoniki mbilitatu: za kweli zinabaki zilipo, za uongo zinahama.

Kwa mfumo unaojitikisa wenyewe, kama breki inayolia au shafti inayozungushwa na mafuta ya beringi, kizidishi kimoja huwa ni +1 daima, kwa sababu kusogeza muda hakubadilishi kitu. Usikitangaze kuwa ni mpaka wa uthabiti. Kitumie kama kipimo. Kikitoka 0.97, usahihi wako wote uko kiwango hicho, na kizidishi cha jirani chenye 0.99 hakina maana yoyote bado.

Na kuna mapengo. Nyundo inayogonga, meno ya gia yenye nafasi, kituo kinachozuia springi: kila mgongano unahitaji matriksi ya kuruka kati ya kabla na baada. Programu nyingi hukokotoa sehemu laini ya kabla, sehemu laini ya baada, na kuusahau mgongano wenyewe. Vizidishi vinavyotoka vinaonekana vya heshima na ni vya uongo. Vihakiki kwa mkono: sogeza hali ya mwanzo kidogo, zungusha kipindi kimoja, gawanya tofauti. Rudia kwa msogeo mdogo mara kumi. Namba zikilingana, vizuri. Zikiendelea kupanda kila unapopunguza msogeo, huenda mwendo unagusa kituo kwa kukwangua tu, na hapo kizidishi hakipo kabisa, kwa sababu badiliko linafuata mzizi wa pili wa msogeo na si mstari.

Baada ya kupata vizidishi vya kuaminika, mlango wa kutokea unasema mengi kuhusu utakachosikia karakana. Kutoka kupitia +1 mara nyingi ni mruko: hakuna onyo, upeo unabadilika ghafla. Kutoka kupitia −1 ni mwendo unaojirudia baada ya vipindi viwili. Kwenye spektra, yaani mchoro wa frikwensi za mtikisiko, utaona mstari kwenye nusu kamili ya kasi. Kutoka kwa jozi changamano kunaleta frikwensi ya pili isiyolingana na ya kwanza, na mtikisiko unapanda na kushuka kama wimbi. Tahadhari moja kwa wenye beringi za mafuta: mstari ulioko kidogo chini ya nusu, kwa kawaida 0.40 hadi 0.48 ya kasi, ni mafuta yanayobeba shafti. Usiuchanganye na nusu kamili. Spektra ya mistari minene haitakuonyesha tofauti. Rekodi kwa muda mrefu zaidi.

Dalili: kila hesabu inasema thabiti, lakini mtambo unaruka mara kwa mara

Hii ndiyo dalili iliyonifanya niandike. Vizidishi viko ndani ya duara, zao liko sawa, mtambo umekaa kwenye suluhisho dogo kwa saa nzima, kisha unaruka kwenda kubwa bila mtu kugusa kitu. Watu husema modeli ni mbovu. Mara nyingi modeli ni nzima. Swali lililoulizwa ndilo lililokuwa dogo.

Vizidishi vinajibu kuhusu misukumo midogo isiyo na mwisho wa udogo. Jiwe la kilo kadhaa linaloanguka kwenye chekeche si dogo. Kila suluhisho thabiti lina bonde lake la mvuto, yaani hali zote za mwanzo zinazoishia kwake. Mpaka wetu na Zambia, kusini ya mji, unafuata mgongo wa maji: matone mawili ya mvua yanayoanguka karibu karibu juu yake yanaachana milele, moja likienda Kafubu na Luapula hadi mto Kongo na Atlantiki, lingine likienda Kafue na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Mabonde ya mfumo wetu yako hivyo hivyo, na kwenye mgongo kati yao ndipo linapokaa lile suluhisho la katikati lisilo thabiti. Kinachokuhusu ni umbali kati ya unapofanyia kazi na mgongo huo.

Hatua ya kwanza ni kuuchora. Chukua gridi ya x na x′ kwa fezi moja, endesha kila nukta hadi itulie, ipake rangi ya suluhisho ilipoishia. Mahali pa kutazama ni mzunguko wa nukta ya suluhisho lako. Je, duara kubwa kiasi gani linaingia ndani ya rangi moja bila kukatwa? Nusu kipenyo cha duara hilo ndicho msukumo mdogo kabisa unaoweza kukutoa. Kisha kokotoa badiliko la kasi linaloletwa na yale mawe yako: jiwe lenye tungamo m na kasi v likigandana kwa muda na fremu yenye tungamo M, linaibadilisha kasi ya fremu kwa takriban mv/(M + m). Linganisha namba hizo mbili. Zikikaribiana, umepata mhalifu.

Hatua ya pili, rudia ramani kwa fezi kadhaa. Bonde hubadilika umbo ndani ya kipindi, na jiwe halichagui saa ya kuanguka.

Hatua ya tatu, ongeza nguvu ya kutikisa kidogo kidogo na uangalie ukingo wa bonde. Michael Thompson alionyesha mwaka 1989, kwa mfumo unaoweza kutoroka kwenye shimo la nishati, kwamba ukingo unaanza kumeguka na vidole vya rangi nyingine vinaingia ndani hadi karibu na suluhisho, wakati suluhisho lenyewe bado ni thabiti kabisa kwa kipimo cha vizidishi. Eneo salama linaporomoka mapema sana kuliko uthabiti wenyewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo ramani moja ambayo kila ripoti ya mtikisiko wa mtambo usio wa mstari ingepaswa kuwa nayo, kabla ya jedwali lolote la vizidishi.

Mfumo wenye viwango vingi vya uhuru hauchoreki kwenye karatasi. Hapo tumia nasibu, kama walivyopendekeza Menck, Heitzig, Marwan na Kurths mwaka 2013: chagua hali za mwanzo N, hesabu sehemu p inayorudi kwenye suluhisho lako. Kosa la makadirio ni mzizi wa p(1−p)/N, na halijali mfumo una vigezo vingapi; kwa N = 400 halizidi 0.025. Lakini eneo unalochagulia ndilo linaloamua jibu. Ukichagua eneo pana lisilowahi kufikiwa na mtambo, p itakuwa namba nzuri isiyohusu chochote. Lichukue kutoka kwenye vipimo: misukumo ambayo sensa imeirekodi kweli kazini, na ile ya kuwasha na kuzima, ambayo huwa mikubwa kuliko yote.

Kuhusu dawa, kuongeza ufifishaji husaidia karibu kila mara, kwa kuwa kunapunguza kilele na eneo la masuluhisho mawili linafupika. Kwenye Duffing yetu, suluhisho kubwa la 1.05 linaishi kwa sababu ufifishaji ni mdogo. Ukiupandisha vya kutosha, kona mbili zinakutana na kubaki suluhisho moja. Kama huwezi kubadilisha mpira wala damperi, hamisha kasi ya kazi itoke eneo la katikati, hata kama ni kwa gharama ya tani kidogo kwa saa. Kama nayo haiwezekani, basi elekeza njia ya kufika: kwa springi ya kukazika, panda hadi juu ya 1.52, acha mtikisiko uanguke, kisha shuka polepole hadi kasi ya kazi na usikaribie 1.25. Weka utaratibu huo kwenye variateri yenyewe usitegemee kumbukumbu ya zamu ya usiku, na kwenye daftari la mtambo kila kipimo cha mtikisiko kiandikwe pamoja na upande kasi ilikotokea, joto la mpira, mzigo na saa umeme ulipoyumba mara ya mwisho.